Reli ya Mwendo Kasi: Nani Apangaye Safari ya Taifa?



Tumeombwa tuzungumzie namna taifa linavyopaswa kupanga mtandao wa reli za mwendo kasi. Bila shaka wapo hapa wanaojiuliza reli yawahusu nini waumini na wapigania mageuzi. Kwani hayo si mambo ya wahandisi na wenye mabenki? Sisi twaamini kwamba yatuhusu, tena sana. Reli ni mojawapo ya vitu ambavyo serikali moja huamua, serikali ya pili hujenga, na watoto wa watoto hulipa. Sheria mbaya yaweza kufutwa na Bunge kwa kikao kimoja. Tuta la reli lililopitishwa mahali pasipofaa hubaki pale pale, na deni lake pia.

Nchi yetu ni shahidi wa hayo. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikagusa Ziwa Victoria mahali tunapopaita Kisumu leo. Iliamuliwa London kwa sababu za London. Wenye ardhi hawakuulizwa, na vibarua wapatao 2,500 walioletwa kutoka Bara Hindi walifia kazini. Hata hivyo, zaidi ya karne moja baadaye, tungali tunaishi ndani ya uamuzi ule. Nairobi yenyewe ilianza kama kambi ya reli. Palipopita reli miji iliota. Pasipopita, watu wangali wanangoja. Yule apangaye reli huamua nani atakuwa karibu na nani atabaki mbali, na hilo ni swali la haki kabla halijawa swali la chuma na mataruma.

Tuelewane kwanza kuhusu mwendo

Neno "mwendo kasi" hutumiwa ovyo siku hizi, hasa majukwaani. Wataalamu wa reli huliweka hivi: njia mpya huitwa ya mwendo kasi ikiwa treni zake zaweza kwenda kilomita 250 kwa saa au zaidi, na njia ya zamani iliyoboreshwa ikiwa zafika 200 hivi. Kwa kipimo hicho, reli yetu ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, si ya mwendo kasi: treni za abiria hufika kilomita 120 kwa saa na za mizigo 80. Reli ya umeme ya jirani zetu wa Tanzania, iliyoanza kuwachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, hufika 160. Katika bara letu, aliyetangulia ni Morocco, ambayo mnamo Novemba 2018 ilifungua treni ya Al Boraq kutoka Tangier hadi Casablanca, ikikimbia hadi kilomita 320 kwa saa katika sehemu yake mpya.

Tofauti hii si ya majina tu. Treni inayokwenda kilomita 300 kwa saa haiwezi kukata kona kama gari moshi la kawaida. Kona zake zahitaji nusu kipenyo cha mita 4,000 na zaidi, kwa hiyo njia hukata milima na mashamba ya watu badala ya kuyazunguka. Yataka umeme, uzio kutoka mwanzo hadi mwisho, na isikatwe na barabara yoyote. Wala haipendi kushiriki njia na mizigo, kwa maana treni ya kasi huikuta ile ya polepole mbele yake na kupoteza nafasi ya treni kadhaa. Basi mtu akituambia kwamba reli moja itabeba makasha ya bandarini na wakati huo huo kuwapeleka abiria kwa kasi ya Wajapani, yatupasa kumwomba atuonyeshe hesabu zake.

Sasa, mataifa yaliyotutangulia yamebishana juu ya mambo haya kwa miaka 60. Twaweza kuyapima mabishano hayo kwa kutazama nchi tatu.

Ujapani: anza pale penye haja

Ujapani ilifungua reli yake ya kwanza ya mwendo kasi tarehe 1 Oktoba 1964, kutoka Tokyo hadi Osaka, kilomita 515, kwa mwendo wa kilomita 210 kwa saa. Wengi waliipinga wakisema zama za reli zimekwisha na fedha ziende kwenye barabara na ndege. Lakini wapangaji walikuwa na hoja moja isiyopingika: njia ya zamani kati ya miji hiyo ilikuwa imejaa pomoni, abiria na mizigo ikigombea nafasi. Haja ilionekana kwa macho kabla ya mradi kuchorwa. Tena, kama sisi, reli yao ya zamani ilikuwa nyembamba, wakachagua kujenga mpya yenye upana wa milimita 1,435, wakijua kwamba treni za njia moja hazitaweza kuingia katika nyingine.

Hata huko hesabu haikuwa safi. Makadirio yalianza karibu na yen bilioni 200, na mwishowe zikatumika takriban bilioni 380. Rais wa shirika la reli, Shinji Sogo, na mhandisi wake mkuu, Hideo Shima, waliondoka kazini mwaka 1963 kwa ajili ya gharama hizo, na siku ya uzinduzi hawakuwapo jukwaani. Benki ya Dunia ilikuwa imekopesha dola milioni 80, na deni hilo lililipwa, kwa sababu abiria walikuja kwa mamilioni.

Hapo ndipo kishawishi kilipoingia. Njia ya kwanza iliponawiri, kila mwanasiasa alitaka ya kwake ipite kwao, hata mahali ambapo wasafiri walikuwa wachache. Mwaka 1987 shirika la reli la taifa lilivunjwa na kugawanywa likiwa na madeni ya takriban yen trilioni 37. Reli za mwendo kasi hazikuwa sababu pekee ya madeni hayo, lakini somo liko wazi: njia ya kwanza ilijengwa kwa haja, na baadhi ya zilizofuata zilijengwa kwa kura.

Hispania: usawa au fahari?

Nchi ya pili ni Hispania. Tarehe 21 Aprili 1992 ilifungua njia ya Madrid hadi Sevilla, mwaka ule ule wa maonyesho ya dunia mjini Sevilla. Tangu hapo imejenga karibu kilomita 4,000, mtandao mrefu kuliko wote Ulaya na wa pili duniani baada ya China. Hoja ya viongozi wake ilikuwa tamu masikioni: kila jimbo liunganishwe na mji mkuu, asiwepo raia wa kuachwa nyuma. Nani miongoni mwetu, tuliolilia usawa miaka yote hii, angethubutu kuipinga?

Lakini tuitazame kwa makini. Njia hizo karibu zote zilitoka Madrid kama vijiti vya gurudumu, hivyo zikaimarisha kitovu kuliko zilivyoiunganisha miji ya pembeni yenyewe kwa yenyewe. Mwaka 2020 mamlaka huru ya nchi hiyo inayochunguza matumizi ya fedha za umma ilionya kwamba treni za kila siku za mijini, zinazowapeleka wafanyakazi kazini na wanafunzi shuleni, zilipata sehemu ndogo sana ya fedha, ilhali ndizo zinazobeba sehemu kubwa mno ya abiria wote wa reli. Miaka miwili kabla ya hapo, wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya walikuwa wamezichunguza njia za nchi kadhaa. Waligundua kwamba kwa wastani treni zilikwenda kwa kiasi cha asilimia 45 tu ya kasi ambayo njia zilijengwa kuistahimili, na kwamba baadhi ya njia ziligharimu zaidi ya yuro milioni 100 kwa kila dakika moja ya safari iliyookolewa. Walikumbusha pia kipimo cha wataalamu: njia ya namna hiyo, ili ifanikiwe, yafaa iwe na abiria wapatao milioni 9 kwa mwaka.

Wapendwa, haki haimaanishi kila mmoja apewe kitu kile kile. Mama wa soko anayeamka saa kumi alfajiri anahitaji behewa lenye nafasi, linalofika kwa wakati, kwa nauli anayoimudu. Akinyimwa hilo ili waziri afike mkutanoni mapema kwa nusu saa, hapo usawa umetajwa bure.

Uswisi: ratiba kwanza, njia baadaye

Nchi ya tatu ni ndogo, nayo ndiyo iliyotufundisha zaidi. Waswisi walipewa mpango wa kujenga njia kuu mpya ya mwendo kasi kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine. Wananchi wa maeneo mengi waliupinga, wakiuliza: sisi tutakaopitiwa na treni bila kusimama twafaidika nini? Wapangaji wakarudi mezani na kuligeuza swali. Badala ya kuuliza treni yaweza kukimbia kiasi gani, waliuliza abiria anayetoka mji wowote kwenda mji wowote atafikaje bila kungoja. Wakaandika ratiba kwanza: treni zikutane katika vituo vikubwa kila saa au kila nusu saa, abiria ashuke hapa na kupanda pale. Kisha wakajenga tu zile sehemu ambazo ratiba ilizidai.

Mpango huo, uliojulikana kama Reli 2000, ulipelekwa kwa wapiga kura tarehe 6 Desemba 1987, nao wakaukubali. Ratiba mpya ilianza Desemba 2004. Sehemu kubwa ya njia mpya, kilomita 45 tu kati ya Mattstetten na Rothrist, ilijengwa kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa ili safari ya Bern hadi Zürich ipungue chini ya saa moja, wala si kwa kutafuta sifa. Kasi ilikuwa mtumishi wa ratiba, na ratiba mtumishi wa raia.

Je, majadiliano si kuchelewesha maendeleo?

Tunajua kuna wenzetu, tena wenye nia njema, watakaosema: "Ninyi watu wa katiba mtajadili mpaka lini? China ilifungua njia yake ya kwanza ya kilomita 350 kwa saa mwaka 2008, na kufikia mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya kilomita 45,000. Uingereza imejadili, iko wapi?"

Hoja hii ina nguvu, na haifai kuibeza. Uingereza ilitangaza mradi wa njia ya London kwenda Birmingham, Manchester na Leeds mwaka 2010. Sheria ya sehemu ya kwanza ilipita mwaka 2017. Novemba 2021 tawi la kufika Leeds likakatwa. Oktoba 2023 Waziri Mkuu alisimama Manchester kwenyewe na kutangaza kwamba treni haitajengewa njia ya kufika huko. Mwaka 2025 serikali ikakiri kwamba hata sehemu iliyobaki haitakamilika mwaka 2033 kama ilivyoahidiwa. Katika jimbo la California, Marekani, wapiga kura waliidhinisha mkopo Novemba 2008 kwa ahadi ya treni kati ya San Francisco na Los Angeles kufikia mwaka 2020. Mwaka 2025 ulikwisha bila abiria hata mmoja kupanda, na makadirio yalikuwa yamepita dola bilioni 100, takriban mara tatu ya yale ya mwanzo.

Lakini tukichunguza, je, ni majadiliano yaliyowaponza? Twaona kwamba walijadili kwa kuchelewa na kwa vipande. Waingereza walichagua kwanza kasi kubwa kupita kiasi, jambo lililofunga mkono wa wahandisi wasiweze kuipinda njia kuepuka vijiji na misitu. Kisha wakasema shabaha si kasi bali ni nafasi ya treni zaidi. Wakaanza kazi kabla michoro haijakomaa. Wananchi waliulizwa njia ipite wapi, baada ya swali la kama ijengwe kuwa limeshafungwa. Mtu asiyeulizwa mlangoni hupigia kelele dirishani, na kila kelele ya dirishani hunyamazishwa kwa handaki jipya na fedha mpya.

Na China nayo? Kasi yake ya ujenzi ni ya ajabu, na abiria wengi wamenufaika. Lakini Februari 2011 waziri wake wa reli aliondolewa, na mwaka 2013 akahukumiwa kwa rushwa. Julai 2011 treni mbili za kasi ziligongana karibu na Wenzhou, watu 40 wakafa. Mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kuuliza, maswali huulizwa na ajali.

Ipo njia ya katikati, nayo ilipatikana kwa jasho la wananchi. Ufaransa, iliyokuwa imefungua njia ya Paris hadi Lyon kuanzia mwaka 1981, ilitaka kuipeleka hadi bahari ya Mediterania. Mnamo mwaka 1990 wakulima na wakazi wa Provence waliamka, wakafunga njia za treni, wakisema hawakuulizwa. Serikali haikuwaita wasaliti wa maendeleo. Desemba 1992 ilitoa waraka wa kutaka mjadala ufanyike mwanzoni kabisa mwa miradi mikubwa, na mwaka 1995 sheria ikaunda Tume ya Kitaifa ya Mjadala wa Umma. Mjadala huo una mipaka: kwa kawaida hauzidi miezi minne. Tume haipendelei upande wowote; huandika yaliyosemwa na kuyachapisha, na mwenye mradi hana budi kujibu hadharani ndani ya miezi mitatu kama anaendelea au la. Reli ile ya Mediterania nayo haikufa, bali ilifunguliwa Juni 2001.

Wafaransa wana sheria nyingine ya mwaka 1982 inayotupendeza. Miaka mitatu hadi mitano baada ya mradi mkubwa wa usafiri kufunguliwa, lazima ripoti itolewe kwa umma ikilinganisha yaliyoahidiwa na yaliyopatikana. Si kwamba wao hawakosei. Walijenga kituo kimoja kaskazini mwa nchi katikati ya mashamba ya viazi sukari, mbali na miji miwili kiliyokusudiwa kuihudumia, na watu wakakiita kwa jina la viazi hivyo kwa kejeli. Tofauti ni kwamba kosa lao limeandikwa, na mpangaji wa kesho anaweza kulisoma.

Turudi nyumbani

Sasa tujipime wenyewe. Reli yetu ya Mombasa hadi Nairobi ilijengwa kwa mikopo miwili ya mwaka 2014 kutoka Benki ya Exim ya China, jumla yake dola za Marekani bilioni 3.2. Tangu mwaka 2013 kila mwananchi anunuaye bidhaa iliyotoka nje huchangia kwa ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa, hata kama hajawahi kuiona treni. Sehemu ya pili, ya kilomita 120, ilivuka Mbuga ya Taifa ya Nairobi juu ya daraja la kilomita sita, ikafunguliwa Oktoba 2019 na kukomea Bonde la Ufa, kabla ya kuufikia mji wa Kisumu au mpaka wa Uganda.

Treni hiyo ina mazuri yake, na tukiyaficha tutakuwa waongo. Watu husafiri kwa saa tano hivi kwa usalama ambao barabara ya Mombasa haikuwahi kuwapa, na mabehewa hujaa sikukuu. Mwaka 2023 ilibeba abiria zaidi ya milioni 2. Lakini kipimo tulichokitaja cha mwendo kasi ni milioni 9. Kituo cha Nairobi kiko Syokimau na cha Mombasa kiko Miritini, pembeni mwa miji, hata abiria huenda akapoteza njiani kuelekea mjini muda alioupata juu ya reli. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa mwaka 2024. Na ili treni za mizigo zipate kazi, wenye makasha waliamriwa kuyapitisha kwenye reli hadi bandari kavu ya Nairobi, watu wa Mombasa wakaandamana mwaka 2019 wakilia kwamba mji wao unakufa. Amri hiyo iliondolewa Septemba 2022. Reli ambayo haiwezi kuwavuta wateja mpaka wasukumwe kwa amri haikupangwa kuanzia kwa wateja.

Mjadala nao ulikuja lini? Raia walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa iliona kwamba sheria ya ununuzi wa umma ilikiukwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaamua vingine. Sisi twaheshimu hukumu. Lakini mikataba ya mikopo ilianza kuonyeshwa umma Novemba 2022, miaka minane baada ya kutiwa sahihi na mitano baada ya treni ya kwanza kuondoka. Katiba yetu ya mwaka 2010 inataja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10, haki ya kupata habari katika kifungu cha 35, na uwazi wa fedha za umma katika kifungu cha 201. Maneno hayo yaligharimu jela, machozi na damu ya wenzetu. Hayakuandikwa ili yasomwe sikukuu tu.

Lipo pia donda la zamani. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo ziende pale zitakapoleta mazao mengi zaidi, na matokeo yake watu wa kaskazini wanayajua. Mwaka 2012 waliahidiwa reli kutoka Lamu kupitia Isiolo hadi Ethiopia na Sudan Kusini. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa mwaka 2021 bila reli hiyo. Tutawaambia nini? Tukisema reli ifuate abiria tu, tunaurudia Waraka wa 1965. Tukisema kila kaunti ipate treni ya kilomita 300 kwa saa, tunarudia fahari ya Hispania bila mfuko wa Hispania. Jibu letu ni kwamba mtandao wa taifa si kasi moja. Njia ya mizigo na mifugo ya kaskazini yaweza kwenda kilomita 80 kwa saa na bado ikawa haki kamili kwa mfugaji wa Isiolo, almuradi iwepo, isiwe ahadi ya kila uchaguzi.

Tunayoyaomba

Waumini wanaukumbuka mfano wa yule mtu aliyeanza kujenga mnara kabla ya kuketi na kuhesabu gharama, wapita njia wakamcheka. Sisi twataka taifa liketi kwanza. Kwa hiyo twapendekeza mambo matano kwa mradi wowote wa reli utakaoletwa mbele yetu, uwe wa mwendo kasi au wa kawaida.

Kwanza, ratiba na safari za watu zitangulie ramani: wangapi husafiri, kutoka wapi kwenda wapi, kwa nauli gani.

Pili, mjadala wa umma ufanyike kabla ya mkopo kutiwa sahihi, katika kaunti zote zitakazopitiwa, kwa lugha ambazo watu wanazielewa. Uwe na siku ya kuanza na siku ya kumalizika, na swali lake la kwanza liwe kama mradi unafaa. Ukishaisha na uamuzi ukatolewa kwa haki, sisi pia tutii na kazi iendelee.

Tatu, mikataba, riba na dhamana zichapishwe siku ile ile zinapokubaliwa.

Nne, treni za kila siku za Nairobi, Mombasa na Kisumu zisinyimwe fedha kwa ajili ya treni za fahari, na vituo viwe mahali watu walipo. Ardhi ya njia za kesho yaweza kutengwa leo, wenyewe wakilipwa fidia ya haki, kabla majumba hayajaijaa. Kuitenga ni gharama ndogo kuliko kubomoa.

Tano, baada ya miaka mitano ripoti itolewe kwa umma, ahadi upande mmoja na matokeo upande wa pili.

Pengine siku moja njia ya Mombasa, Nairobi, Nakuru na Kisumu itakuwa na abiria wa kutosha kustahili treni ya kilomita 250 kwa saa. Miji hiyo imejipanga katika mstari mmoja, jambo ambalo nchi nyingi zingelitamani. Sisi si maadui wa siku hiyo. Tunachokataa ni kuletewa treni kama tulivyoletewa ile ya 1896, ikiwa imeamuliwa mahali tusipokuwapo kwa hesabu tusizozijua.

Basi mkirudi katika parokia, ushirika na mabaraza yenu, yachukueni maswali haya matano. Msingoje waje watu wa Nairobi kuwaulizia. Mradi utakapotangazwa, mwandikieni mbunge wenu na mwakilishi wa wadi yenu barua, mwombe nakala ya upembuzi wa mradi na mkataba wa mkopo, na mkinyimwa, itumieni sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari. Barua moja hutupwa kapuni; barua mia moja kutoka makanisa mia moja hulazimu mtu aketi na kujibu.

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, lakini hawakusema tusisafiri.